Lugha Iliyohamishiwa Safu ya Tatu

Siku tatu nilizolala kwenye kasho, ile mahabusu ya stesheni, pale Kindu, zilitokana na karanga.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita hivi. Shule niliiacha darasa la nne. Nilikuwa nimechimba dhahabu kule Kama mpaka homa ikanitoa, nimebeba magunia ya mawe Kampene mpaka mgongo ukakataa, nimepika kwenye boti za kwenda Ubundu mpaka nahodha akachoka na maswali yangu. Ndivyo nilivyokuwa. Nikiona kitu, nataka kujua kinafanyaje kazi, na nikishajua, miguu inaniwasha kuondoka. Kindu nilikuja kupumzika wiki mbili tu. Shirika moja la kusafirisha mizigo, la serikali kama mengi ya wakati ule, lilikuwa linatafuta mtu wa kufagia na kuchemsha kahawa. Nikaingia.

Shirika lilipokea mizigo iliyofika kwa boti na kwa malori: mchele wa Kailo, mawese, madini ya Kampene. Likaipanga kwenye mabehewa ya treni ya kila Alhamisi, ya kwenda kusini. Na lilikuwa na kompyuta moja, ambayo hakuna aliyeiita kompyuta. Cherehani ilikuwa cherehani, pampu ilikuwa pampu, ila hiyo peke yake ndiyo iliyostahili kuitwa Mashini. Ilikaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, nyuma ya pazia zito. Wagonjwa wa hospitali walikuwa wanatoka jasho wawili kitanda kimoja, Mashini inapulizwa ubaridi mchana kutwa. Wafanyakazi walibuni kila sababu ya kuingia humo. Huyu ameleta barua, yule anauliza saa. Mimi niliingia na ufagio, na nilifagia polepole.

Mwenye chumba hicho tulimwita chefu, yaani mkubwa wetu. Alikuwa amepelekwa Ulaya miezi tisa, akarudi na miwani, kikohozi cha watu wakubwa, na lugha.

Niseme kidogo juu ya lugha hiyo, maana habari hii yote ni yake. Mashini ile haikufahamu Kiswahili wala Kilingala. Uliiandikia amri mstari kwa mstari, kila mstari na namba yake, kwa lugha maalum iliyotungwa kwa kazi hiyo, nayo ikatii kuanzia namba ndogo kwenda kubwa. Lugha za namna hiyo zilikuwa nyingi duniani, na karibu zote zilitumia maneno ya Kiingereza. Ya chefu ilitumia maneno ya Kifaransa. Jina lake lilikuwa herufi tatu tu.

Makao makuu ya shirika yalikuwa Lubumbashi, na huko ndiko kulikotoka kitabu kimoja chenye jalada gumu, muongozo wa zana za kazi. Kila chombo cha shirika kilikuwa na nafasi yake mle, kuanzia mizani ya kupimia magunia mpaka lugha za mashini. Safu ya kwanza iliandikwa vitu vinavyopendekezwa. Safu ya pili, vinavyovumiliwa. Safu ya tatu, vilivyoachwa. Kitu kikiingia safu ya tatu kimekufa: hakiletewi fundi, hakinunuliwi karatasi, na mtu akikitumia anajibu barua ya kujieleza. Lugha ya chefu ilikuwa safu ya kwanza, na pembeni yake jina la chefu mwenyewe, kwa sababu kila lugha ya safu ya kwanza ilitakiwa kuwa na mtu mmoja wa kuijibia, anayesaini kila mwaka kwamba bado inafaa. Saini hiyo ndiyo iliyompa nyumba ya matofali karibu na mto, gari na dereva wake, na kiti cha mbele kwenye mikutano ya Chama. Kile kitabu alikiweka mezani, kimefunguliwa ukurasa huohuo, miaka yote.

Sasa karanga.

Mashini ilichapa kwenye karatasi pana zenye matundu pembeni. Zikishasomwa zilitupwa, na mama mmoja aliyeuza karanga mlangoni mwa shirika alizikusanya za kufungia. Alikuwa mtu wa Kasai, mke wa mfanyakazi wa reli. Mchana mmoja nilikula karanga zake, nikakunjua karatasi, nikakuta mstari huu:

140 SI POIDS > 30 ALORS ALLER EN 210

Kifaransa changu cha darasa la nne kilitosha. Kama uzito umepita thelathini, basi nenda mstari wa 210. Nilikaa pale kwenye jiwe nikiitazama. Mtu alikuwa amemwambia chuma: fikiri. Na huko 210 kulikuwa na nini? Nikarudi kwa mama nikanunua kifurushi kingine. Kilikuwa cha mstari wa 60. Nikanunua kingine.

"Mama, nipatie kile cha chini."

"Unanunua karanga ao unanunua karatasi?"

"Karanga. Lakini ndani ya ile karatasi ya chini."

"Wee baba, utakufa na tumbo. Watu watasema mama ya Kasai njo alikuua."

Siku ya tatu alinionea huruma. Akawa ananipa rundo zima asubuhi, na mimi namrudishia kabla ya saa tisa, wafanyakazi wakitoka na njaa zao. Nilipanga kurasa kwa namba, nikanakili zile zilizonishinda, nikaziweka chini ya mkeka wangu. Baada ya miezi miwili niliweza kusoma ukurasa kama mtu anavyosoma barua ya ndugu. Baada ya minne nilianza kuandika. Kuanzia saa sita mpaka saa nane na nusu chefu alikuwa kwake amelala, na ufunguo wa chumba ulikuwa kwa mfagiaji. Mara ya kwanza Mashini iliponijibu, ilinijibu kwamba nimekosea mstari wa 20. Nilifurahi kama mtu aliyesalimiwa na gavana.

Siku moja dereva wa chefu alikuja kutafuta jagi la maji kwenye kibanda changu, akaona karatasi chini ya mkeka, akawaita askari wa stesheni. Wakati ule mtu akikutwa na karatasi za serikali zenye namba asizoweza kuzieleza, hakuulizwa kama ni mwizi. Aliulizwa anamsomea nani, yaani anampelelezea nani. Wale askari wawili wa kasho waliniuliza hivyo siku mbili, wakinipiga nyayo kwa waya.

"Unasomea nani? Angola?"

"Ninasoma tu. Zilikuwa za karanga."

"Karanga," mmoja akamwambia mwenzake. "Huyu tunamupiga, yeye anafanya maonyesho."

Siku ya tatu alikuja chefu na ukurasa mmoja mkononi. Aliketi juu ya kiti cha mkubwa wa kasho, akaninyooshea ule ukurasa. "Ni nini hii?"

Nikamweleza. Mstari huu unasoma uzito, huu unaulinganisha na nafasi ya behewa, huu unarudi nyuma kama hautoshi. Alisikiliza bila kukohoa. Nilidhani ananipima. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anajifunza. Zile programu zote ziliandikwa na Mbelgiji mmoja aliyekwisha rudi kwao, na miezi tisa ya Ulaya chefu aliitumia kwa mambo mengine.

Akainuka, akasema polepole: "Utatoka. Lakini mikono yako, kuanzia leo, iko yangu. Kichwa vilevile. Kinywa ni ya kwako, na utaifunga."

Miaka mitatu nilikuwa mikono ya mtu mwingine. Asubuhi nafagia, saa sita mpaka saa nane na nusu naandika programu, alasiri nachemsha kahawa. Mstari wa 10 wa kila programu ulikuwa jina la chefu, na niliuandika mimi. Pamoja na kila programu nilimwandalia karatasi ya majibu, swali na jibu, kama katekisimu: Mstari wa 80 unafanya nini? Mstari wa 80 unapanga mizigo kwa uzito. Aliyakariri kwenye gari. Wageni wakija, anasimama mbele ya Mashini mikono nyuma, anajibu, na mimi nasimama na sinia.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa programu ya mabehewa. Kabla yake makarani watano walipanga treni moja kwa siku mbili, na bado mchele uliachwa ukanyeshewa. Programu yangu ilipanga treni nzima kabla ya kahawa kupoa. Chefu aliipeleka Lubumbashi, akarudi na cheti ndani ya kioo na friji. Redio ilitaja jina lake. Nikamwendea, nikamwomba jambo moja tu: niandikwe kwenye daftari la wafanyakazi kama fundi wa mashini, hata msaidizi, niache ufagio.

Alisema atafikiri. Jumatatu iliyofuata, kwenye gwaride la bendera, wote tumepanga mistari na beji za Chama kifuani, akaniita mbele kwa lile neno la Chama, citoyen, yaani raia.

"Huyu citoyen anataka kuwa fundi wa mashini. Citoyen, ulifika darasa gani?"

"La nne, chefu."

"La nne ya sekondari?"

"Ya msingi."

"Mashini itacheka mpaka iungue," akasema.

Watu walicheka. Makarani, wapakizi, dereva, hata mpishi ambaye hajui kuandika jina lake. Nisiwalaumu, kama angekuwa mwingine pale mbele mimi pia ningecheka. Nilirudi kwenye mstari wangu na nyimbo zikaanza, na nikaimba. Nyayo zangu nilikuwa nimezisamehe, kwa sababu mtu anayekupiga anachoka. Kile kicheko sikukisamehe. Tangu Jumatatu ile nilichotaka ni kimoja: kumwona mtu huyu ametolewa kwenye kile kiti, na atolewe na kitu kilekile kilichomkalisha.

Ni katika miezi hiyo mama wa karanga alipokuja na wake wengine wawili wa reli. Kulikuwa na desturi pale Kindu, ya zamani kuliko Mashini na kuliko chefu, na haikuandikwa popote. Behewa la mwisho la treni halikujazwa. Sehemu yake iliachwa kwa ajili ya wake wa wafanyakazi, watu wa Kasai na Katanga walio mbali na kwao. Walipeleka mawese na mchele kwa dada zao kusini, na treni ikirudi inaleta unga wa mahindi. Makarani walijua, mkuu wa treni alijua, na hakuna aliyesema. Lakini tangu programu yangu ianze kazi, behewa la mwisho lilijaa mpaka mlango hausogei.

"Mashini yenu haina mama?" mama wa karanga aliniuliza.

"Haikuambiwa, mama."

"Basi uiambie."

Nikaiambia. Nikaongeza mstari wa 310, unaopunguza tani nane kwenye nafasi ya behewa la mwisho. Mstari mfupi, hauna kelele. Chefu sikumwambia, maana angejua angetaka tano kati ya zile nane. Kwenye karatasi yake ya majibu, kutoka mstari wa 300 niliruka mpaka 320, naye hakuona.

Mwaka wa tatu ikaja barua. Makao makuu yanakipitia upya kitabu cha zana. Mashini mpya zinakuja, ndogo na za bei rahisi, na zinazungumza lugha nyingine, ya maneno ya Kiingereza. Safu ya kwanza ingebaki na lugha moja tu. Tume itapita kila kituo, kila mwenye kuijibia lugha aitetee kwa kazi halisi.

Chefu alikonda kwa wiki mbili. Alinifungia chumbani mwa Mashini kila mchana, niisafishe programu ya mabehewa, niongeze majibu. Alianza kuniita ndugu. Siku moja aliniletea samaki aliyekaangwa na mke wake, amefunikwa kwa sahani. Samaki nilimla. Alikuwa mzuri.

Tume ilikuwa ya watu watatu. Wanaume wawili wenye abakosi, zile koti za Chama zisizovaliwa na tai, za kitambaa kimoja, ambao kutwa waliulizia samaki, na mama mmoja injinia, mfupi, wa kitenge, penseli imechomekwa kwenye nywele. Wale wawili walikwenda kuona mto. Yeye aliomba ichapwe programu nzima ya mabehewa, akakaa nayo barazani alasiri yote, akisoma mstari kwa mstari na kidole. Sikuwahi kumwona mtu mwingine akisoma vile. Nilitamani kuketi tusome pamoja.

Nilipomletea kahawa niliona penseli yake imepita wapi. Mstari wa 310 ulikuwa umezungushiwa duara, na alama ya kuuliza pembeni.

"Unaangalia nini?" akasema bila kuinua macho.

"Kikombe, mama injinia. Kimejaa sana."

"Asante."

Chefu alikuwa ananingoja jikoni, amesimama kati ya masufuria, na abakosi yake imelowa kwapani.

"Amezungusha nini?"

Hapo nilikuwa na nafasi. Neno moja, na jioni ile ningemwandikia jibu: mstari wa 310 ni akiba ya uzito kwa ajili ya breki, au chochote, angekariri na angepita. Na nilijua nikinyamaza kitakufa nini. Programu yangu ingekufa. Miaka mitatu ya michana yangu ingekufa. Ile lugha ya herufi tatu, kitu cha kwanza maishani nilichokijua mpaka ndani na miguu yangu haikuniwasha, nayo ingekufa, wala haikunikosea lolote. Nilivitazama vyote hivyo, nikamtazama chefu.

"Hakuna kitu, chefu."

"Hakuna kabisa?"

"Anachora tu. Ni mutu wa kuchorachora."

Akapumua. Akanigonga begani.

Kesho yake asubuhi kikao kilifanyika ndani ya chumba cha baridi. Pazia limefunguliwa, makarani wamejaa mlangoni kwa kisingizio cha heshima. Chefu alisimama mikono nyuma. Mama injinia aliuliza mstari wa 30, akajibu. Akauliza wa 80, akajibu, hata akatia mfano. Wa 140, wa 210. Mmoja wa wale wanaume alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango na sinia, nikamwona chefu anaanza kunenepa tena palepale.

"Programu hii aliiandika nani?" mama akauliza.

"Mimi mwenyewe, citoyenne."

"Yote?"

"Kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho."

"Vizuri. Mustari wa 310. Unatoa tani nane kwenye behewa la mwisho. Kwa nini?"

Chefu aliinama kuutazama ule mstari, kwa karibu, kana kwamba wenyewe ungeweza kumwambia. Halafu akaniangalia mimi. Kila mtu mlangoni aliona anamwangalia mfagiaji. Mimi niliangalia vikombe. Aliniambia nifunge kinywa, na sikuwahi kumtii vizuri kama siku hiyo.

Yeyote kati ya wale makarani angeweza kujibu. Wote walijua zile tani nane ni za nani, wengine wake zao walikuwa na madebe ndani. Lakini nani ataitamka desturi hiyo mbele ya makao makuu?

Chefu akakohoa. "Hiyo si kosa langu," akasema. "Ni lugha yenyewe. Hii lugha inakosea hesabu."

"Inakosea?"

"Inazidisha. Tani saba, tani nane hivi, mwisho wa treni. Sisi wenye uzoefu tunaijua, tunairekebisha. Ndiyo kazi ya ule mstari."

"Kila treni?"

"Kila treni, citoyenne."

Mama injinia aliichomoa penseli nywelani. Nadhani hakumwamini, kwa sababu mtu anayesoma vile anajua kwamba chuma hakikosei tani nane kila Alhamisi. Lakini wale wanaume wawili walikwisha kuandika. Mmoja wao, bila kuacha kuandika, akauliza swali ambalo mimi nisingeweza kulitunga vizuri zaidi kwa mwaka mzima wa kufikiri.

"Kama ulijua ina kasoro, kwa nini kila mwaka umetusainia kwamba inafaa?"

Swali hilo sikuwa nimeliandika kwenye katekisimu ya chefu. Mimi nikapita katikati yao, nikamimina kahawa.

Barua ilifika kabla ya mvua kubwa. Lugha ile imehamishiwa safu ya tatu, kwa sababu ya kukosea hesabu za uzito, kwa ushuhuda wa mwenye kuijibia. Niliisoma mara nyingi ilipobandikwa ukutani. Ilikuwa ya uongo kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kila nilipoisoma ilikuwa tamu. Lugha ile haikuwahi kukosea hata kilo. Ilishuhudiwa uongo na mtu asiyeijua, mbele ya mtu aliyeijua na hakuitetea. Hilo nimelisema na silipunguzi. Lakini sitajifanya kwamba nililia. Siku ile nilinunua bia.

Dereva alirudisha gari. Nyumba ya matofali ikatakiwa. Chefu alipewa kazi kwenye kituo kidogo cha kusini, kuhesabu mataruma ya reli yaliyooza. Mashini mpya zikaja na vijana wawili kutoka Lubumbashi, na programu yao ya mabehewa imekwisha andikwa huko, kwa lugha mpya. Ilikuwa nzuri, nilichungulia. Lakini wale vijana hawakuwahi kula karanga za Kindu, na hakuna aliyewaambia neno. Mimi nilitaka kuwaambia. Wakaniuliza kwanza nilifika darasa gani, nikarudi kwenye ufagio wangu.

Alhamisi aliyosafiri chefu nilikwenda stesheni. Sikutumwa na mtu. Nilitaka kumwona akipanda.

Nilimkuta anabishana na mkuu wa treni mbele ya behewa la mwisho. Vitu vya nyumba yake vilikuwa chini: kabati, friji ile, na kitanda kikubwa cha mlibuyu, mbao ya thamani, cha kuchongwa, kimefunguliwa miguu.

"Imejaa," mkuu wa treni alikuwa anasema. "Karatasi ya mashini inasema imejaa. Fungua uone. Ni madini mpaka juu."

"Siku zote iko nafasi hapa. Dereva aliniambia juzi, watu wanapakia."

"Zamani, chefu. Zamani iko nafasi."

Hatua chache pembeni mama wa karanga alikuwa ameketi juu ya debe la mawese. Alikuwa na madebe sita, na gunia la mchele, na hakuna aliyevipokea. Ilikuwa Alhamisi ya pili anarudishwa. Aliponiona hakunisalimu.

Nilikwenda nikasimama mbele ya chefu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, miezi mingi, nikifagia. Yaliyotoka yalikuwa machache.

"Mustari wa 310," nikasema, "njo ulikuwa nafasi ya kitanda yako. Na ya hawa wamama. Tani nane za behewa la mwisho. Hakuna hesabu iliyokosea."

Akavua miwani. Bila miwani alionekana mzee. "Ulijua atauliza?"

"Nilijua. Aliuzungusha duara."

"Na uliniambia hakuna kitu."

"Niliambia wewe hakuna kitu."

Sikuona hasira usoni mwake. Ningeipenda. Nilichoona ni mtu anayepiga hesabu polepole, mstari kwa mstari, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nadhani aliifikisha mwisho mwenyewe. Filimbi ikalia. Akapanda daraja la pili na sanduku moja. Hakugeuka.

Nilikuwa nimeshiba. Ndipo mama wa karanga akasema nyuma yangu, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza bei:

"Kumbe ni wewe."

"Mama—"

"Nimesikia. Uliua nyoka na jembe yangu. Nyoka amekufa, muzuri. Jembe imevunjika. Mie nitalima na nini?"

Nilisema nitawaambia wale vijana wa Lubumbashi. Alisema watu wa darasa la nne hawasikilizwi, mimi mwenyewe nimekwisha ona. Hakusema kwa dharau. Aliinua gunia akatangulia.

Nyumba yake ilikuwa mbali, nyuma ya karakana. Nilimbebea madebe yote sita, mawili mawili, safari tatu kwenye joto. Kila safari nilipita mbele ya kile kitanda, kwenda na kurudi. Safari ya mwisho, nikirudi kuchukua madebe mawili yaliyobaki, mvua ilikuwa imeanza kudondoka juu ya mbao, na mkuu wa stesheni akaniita nije tukisogeze chini ya paa.

Nilikuwa na mikono mitupu. Nilipita.